Maombi ya uanagenzi wa usolisita England: kwa nini fomu inakataliwa mapema, na uzoefu gani unahesabika

SWALI: Shikamoo wakili. Niko mwaka wa pili wa shahada ya sheria kaskazini mwa England, kwa viza ya mwanafunzi. Nimetuma maombi ya uanagenzi wa usolisita, yaani mafunzo ya kazini ya kuwa wakili wa aina ya solisita, kwa kampuni za mawakili zaidi ya thelathini, nyingi zikiwa zile kubwa za London, na karibu zote zimenikataa kabla hata ya usaili. Mwishoni mwa wiki nafanya kazi supamaketi, na mchana mmoja kwa wiki najitolea kwenye kliniki ya sheria ya chuo, ambako tunasaidia wapangaji. Je, niendelee kutuma, au nitafute kazi ya usaidizi wa sheria (paralegal) nijikusanyie ile miaka miwili ya uzoefu inayotakiwa kwa solisita? Na muda wa kliniki unahesabika?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Muda wa kliniki unaweza kuhesabika, tena hata kabla hujahitimu. Tangu Septemba 2021, mamlaka inayosimamia masolisita wa England na Wales, SRA, inataka mambo manne: shahada ya somo lolote au sifa inayolingana nayo, kufaulu SQE1 na SQE2, yaani sehemu mbili za mtihani wa kufuzu usolisita, miaka miwili ya uzoefu wa kazi ya sheria, na uthibitisho kwamba una tabia na mwenendo unaofaa. Uzoefu huo unaweza kupatikana sehemu hadi nne tofauti, uwe wa kulipwa au wa kujitolea, na kliniki za vyuo zimo. Kinachotakiwa ni kwamba kazi yenyewe ikupe nafasi ya kujenga stadi za solisita, na solisita anayestahili athibitishe. Yeye hathibitishi kwamba umeiva. Anathibitisha muda uliofanya kazi, kwamba kazi ilikupa nafasi hiyo, na kwamba hakuona jambo la kutilia shaka mwenendo wako.

Ila usijidanganye kwa hesabu. Miaka miwili ni ya kazi ya kutwa, au muda unaolingana nayo. Mchana mmoja kwa wiki, kwa wiki thelathini za masomo, ni kama siku kumi na tano za kazi: wiki tatu tu. Chukua uthibitisho wake, lakini usiufanye msingi wa mpango wako. Anza leo kuandika kumbukumbu ya kila faili: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, nani alikusimamia. Masolisita wa kliniki huhama, na kumtafuta mtu baada ya miaka mitatu akumbuke kazi yako ni mateso.

Sasa fomu zako. Hukunitumia hata moja, lakini idadi peke yake inaniambia mengi. Anayejaza fomu thelathini akiwa na masomo, kazi na kujitolea hawezi kuzijaza vizuri. Mimi ni mmoja wa wanaosoma maombi kazini kwetu, na swali linaloangusha watu wengi ni lile la kwa nini umeichagua kampuni hii. Majibu hufanana mno: nimevutiwa na sifa yenu ya kimataifa, moyo wenu wa ushirikiano, mafunzo yenu bora. Fanya jaribio hili. Futa jina la kampuni, weka la jirani yake. Kama jibu bado linasimama, halijasema kitu.

Jibu linalosimama mahali pamoja tu hutokana na kuijua kazi ya kampuni: inawatetea akina nani, dhidi ya nani, katika sheria ipi, na kwa nini kazi hiyo ipo sasa. Wewe tayari una eneo lako na hukuliona. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imefuta utaratibu wa kifungu cha 21, uliomruhusu mwenye nyumba wa England kumwondoa mpangaji bila kutoa sababu. Kuanzia hapo mwenye nyumba lazima aonyeshe sababu inayotambuliwa na sheria, na sababu hubishaniwa. Maana yake ni kazi kwa kampuni zinazowatetea wapangaji, na kazi vilevile kwa zile zinazowashauri wenye nyumba, vyama vya makazi na benki zinazokopesha wawekezaji wa nyumba. Mtu aliyekaa na mpangaji, akasoma notisi yake na kuona kasoro iko wapi, anaweza kuandika aya kuhusu jambo hilo ambayo mwombaji mwingine hana. Kama kampuni iko upande wa wenye nyumba, usifiche kliniki. Eleza kwamba umeona kwa karibu jinsi notisi iliyoandikwa ovyo inavyomgharimu mteja wao.

Supamaketi nayo iingie. Wanafunzi wengi kutoka kwetu huificha wakidhani inawashushia hadhi, na jambo hilo huniuma kila ninapoliona. Kampuni inauza huduma kwa wateja, na wewe unahudumia wateja wenye hasira kila Jumamosi. Lakini usiandike kwamba imekujengea mawasiliano. Andika tukio: bidhaa iliadimika, wateja wakalalamika, ulimweleza nini meneja, nini kikabadilika. Sentensi tatu zinatosha.

Kwa hiyo usiache kutuma, punguza. Chagua kampuni nane hivi, na zisiwe za aina moja. Zile kubwa za London, kama Linklaters au Slaughter and May, hupokea maombi mengi kupita kiasi na huajiri kama miaka miwili kabla ya kazi kuanza. Nyingi hupenda kumwona mtu kwanza kwenye programu zao za likizo, ambako unakaa ofisini wiki moja hadi nne. Mwaka wa pili wa sheria ndio wakati wa programu hizo, basi zipe kipaumbele. Tazama pia kama kampuni inasoma fomu kadiri zinavyoingia. Ikiwa hivyo, tarehe ya mwisho haina maana sana, kwani nafasi zinaweza kujaa kabla yake. Kampuni za mikoani huko huko kaskazini nazo zina kazi nzuri, na kwao kuishi na kusoma karibu ni hoja ya kweli unayoweza kuitumia.

Huenda baadhi ya kampuni hazikufika kwenye maandishi yako kabisa. Nyingi hutumia mtihani wa Watson Glaser wa kupima fikra makini, nao hukata watu wengi kimyakimya. Kosa la kawaida ni kujibu kwa ujuzi wako wa dunia. Unatakiwa kujibu kwa yale yaliyomo kwenye maandishi uliyopewa tu, hata kama unajua mengine. Fanya mazoezi kwa saa mkononi.

Kuhusu usaidizi wa sheria: ni njia halali na solisita anayetokea huko si wa daraja la pili. Tofauti kubwa ni fedha na mpangilio. Mwanagenzi huzungushwa idara kadhaa, mara nyingi nne za miezi sita sita, na kampuni nyingi humlipia mitihani na matayarisho yake. Msaidizi wa sheria anaweza kukaa kwenye aina moja ya faili miaka miwili, na mara nyingi ada inamtoka mfukoni. SQE1 na SQE2 kwa pamoja ni zaidi ya pauni 4,500, bila kozi ya kujiandaa. Ukiitwa usaili wa kazi hiyo, uliza waziwazi: nani atanithibitishia uzoefu, na je, mtachangia mitihani? Mwajiri anayebabaika hapo amekwisha kujibu.

Kwako wewe viza ndiyo inayoamua zaidi, na hukuitaja kama tatizo. Viza ya wahitimu wa shahada ya kwanza, ile ya kubaki na kufanya kazi baada ya masomo, inapungua kutoka miaka miwili hadi miezi 18 kwa wanaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Kwa ratiba yako, utahitimu baada ya hapo. Miezi 18 haitoshi kumaliza miaka miwili ya kazi ya kutwa, hivyo ukienda njia ya usaidizi wa sheria utahitaji mwajiri wa kukudhamini kabla haijaisha, kwa kazi ambayo ujuzi wake na mshahara wake vinafikia viwango vya viza ya wafanyakazi wenye ujuzi. Si kila kazi ya usaidizi wa sheria hufika hapo. Kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, iliyo wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Jina lisipokuwepo, wapigie idara ya ajira uulize kama wako tayari kuomba leseni hiyo. Wakisema hapana, muda wa fomu hiyo upeleke kwa kampuni nyingine.