"His" au "her"? Mtazame mwenye mali, si mali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar. Juzi nilimwandikia mteja wa nje kumweleza kwamba meneja wetu, ambaye ni mwanaume, amesafiri na mke wake. Nikaandika: "Our manager has travelled with her wife." Ofisi nzima ilicheka. Nimemaliza kidato cha nne, jedwali la viwakilishi nalijua kwa kichwa, ila nikishika kibodi vyote vinaruka. Halafu "my" na "mine" sijawahi kuelewa zinatofautiana nini. Naomba msaada. — Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, dada. Pole na kicheko. Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri nyaraka za watu, na kosa lako nalikuta hata kwenye ripoti za wenye shahada mbili. Mimi mwenyewe limewahi kunitoka mdomoni mbele ya kikao, tena nikiwa mkalimani niliyelipwa.

Hukukosea kwa sababu hujui Kiingereza. Ulikosea kwa sababu Kiswahili unakijua sana. Angalia: kiti changu, gari langu, nguo zangu, uso wangu. Anayeamua ch-, l-, z- au w- ni kile kitu kinachomilikiwa. Tangu hujaanza shule umezoea kukitazama kitu kwanza, ndipo useme ni cha nani. Mwenye mali amejificha kule nyuma, kwenye -angu, -ako, -ake. Na huyo -ake hajali jinsia kabisa: awe babu, bibi au paka, ni -ake tu.

Sasa ulipofika kwenye "wife", macho yalifanya kazi yaliyoizoea. Yalikagua kinachomilikiwa, yakaona mwanamke, mkono ukaandika "her". Ulifuata sarufi kikamilifu, ila ilikuwa sarufi ya nyumbani. Mfaransa naye huanguka hapo hapo, maana kwao pia neno la kumiliki hufuata kitu: gari la mwanaume nalo ni "sa voiture", kwa sababu gari kwao ni neno la kike.

Kiingereza kinamtazama mwenye mali. Meneja ni mwanaume, basi ni "his wife", "his car", "his daughters", "his keys". Mke, gari, mabinti na funguo havina sauti hapo, na hata wingi wao haubadilishi chochote. Ukifikiria vizuri, wenzetu wametuonea huruma: vivumishi vyao vya kumiliki ni saba tu, "my, your, his, her, its, our, their", basi. Mgeni anayejifunza Kiswahili anapambana na wangu, changu, vyangu, langu, yangu, zangu, kwangu, na bado hajafika kwa -ako.

Dawa ninayowapa wanafunzi wangu wa jioni ni hii. Kila ukitaka kuandika -ake kwa Kiingereza, simama, rudi nyuma na kidole mpaka umpate mwenyewe. Chukua sentensi: "Mama Asha alimpeleka mwanawe wa kiume Muhimbili kwa gari la kaka yake." Kaka wa nani? Kiswahili kimekuachia fumbo. Kama ni kaka wa Mama Asha, utaandika "her brother's car". Kama ni kaka wa mtoto, "his brother's car". Kumbe kile kinachotusumbua ndicho kinachofumbua fumbo. Ila usikitegemee kupita kiasi: Juma akimwambia Hassan kwamba gari lake limezimika Ubungo, "his car" haitakuambia ni la nani kati yao. Hapo rudia jina tu, hakuna aibu.

Jedwali ulilokariri lina mtego mmoja ambao walimu wengi hawautaji. "Her" inafanya kazi mbili: ni "-ake" kwenye "her bag", na ni kile kitendwa "-m-" kwenye "I saw her", yaani nilimwona. Kwa mwanaume kazi hizo zimegawanywa: "his bag", lakini "I saw him". Kisha "his" nayo ina kazi mbili za namna yake: "his bag" na "the bag is his". Kwa mwanamke hapo inaongezeka herufi: "the bag is hers". Yaani safu mbili za jedwali hazifanani, ndiyo maana kukariri kwa mdundo kunakuangusha. Kariri sentensi nzima nzima badala ya safu.

Hapo tumeshafika kwenye "my" na "mine". Kwetu neno ni moja: "kiti changu", na "hiki ni changu". Kiingereza kimelipasua. Kama nomino inafuata, ni "my": "my chair". Kama nomino haifuati, ni "mine": "this is mine". Ukiandika "this is my" na kuweka nukta, msomaji anabaki anasubiri, kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo. Vivyo hivyo "your" na "yours", "our" na "ours", "their" na "theirs".

Na hizo zenye s mwishoni hazina kidole cha juu, yaani ile alama ya apostrofi ('). Hakuna "your's" wala "her's", hata kama umeiona kwenye bango la saluni. "It's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Ya kumiliki ni "its". Usijilaumu sana ukiikosea hii. Neno "its" lenyewe ni geni. Lilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 16, na kwa muda mrefu Waingereza wenyewe waliliandika na hicho kidole. Zamani kitu kisicho na jinsia nacho kilimilikiwa kwa "his".

Kuna jambo la Dar hasa ambalo nalisikia kila siku: "this my phone". Simu yangu hii, si ndiyo? Kiswahili kinaruhusu "yangu" na "hii" zikae pamoja kwa amani. Kiingereza kinazipa kiti kimoja, mbele ya nomino, na anakaa mmoja tu. Chagua "this phone" au "my phone". Ukizitaka zote mbili, moja ihamie nyuma: "this phone of mine". Ndivyo ilivyo pia kwa "rafiki yangu mmoja", ambaye ni "a friend of mine". Usiseme "my one friend", maana utaonekana huna mwingine.

Nikaribie sehemu ninayoipenda. Kiswahili mara nyingi hakitaji umiliki kabisa, kinauficha ndani ya kitenzi. Tunasema "nimenawa mikono", "amevunjika mguu", "kichwa kinaniuma". Mikono ya nani? Ni ujinga kuuliza. Kiingereza kinauliza: "I have washed my hands", "he has broken his leg", "my head hurts". Ukitafsiri neno kwa neno unapata "the head is paining me", ambayo inaeleweka mitaani kwetu ila haifai kwenye barua. Hatari zaidi ni "wameniibia simu". Mtu aliyeandika maelezo yake kwa Kiingereza aliniletea "they stole me a phone". Kwa Mwingereza maana yake ni kwamba wezi walikwenda kuiba simu wakamletea yeye! Hapo alikuwa anajigeuza kutoka mlalamikaji kuwa mshirika. Iwe "they stole my phone".

Viambishi vyetu vinaleta pia kasoro mbili za barua pepe. Ya kwanza: "Mama anaumwa" inakuwa "my mother she is sick", kwa sababu ile a- ya "anaumwa" inadai tafsiri yake. Usiipe; "my mother is sick" inatosha. Ya pili ni kinyume chake. "Nimeipata" inaandikwa "I have received", na -i- imepotea njiani. Mteja atauliza umepokea nini. Andika "I have received it". Lakini kwenye "kontena ambalo tulilifungua" usiandike "the container which we opened it". Hapo "which" imeshabeba mzigo wa ile -li- ya pili, na "it" inabaki haina kazi.

Kuhusu "mimi na bosi tulikwenda": "my manager and I went". Ukiwa na shaka, mtoe bosi kwenye sentensi usikie kilichobaki. Huwezi kusema "me went".

Barua yako irudie hivi: "Our manager has travelled with his wife." Chini, ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam", malizia "Yours faithfully", ukianza na jina la mtu, "Yours sincerely". Ni ile ile "yours" ya juu, bila kidole.

La mwisho, kwa kuwa wateja wako ni wa nje. Usikisie jinsia kwa jina. Andrea wa Italia kwa kawaida ni mwanaume, Andrea wa Marekani mara nyingi ni mwanamke. Jean wa Ufaransa ni baba, Jean wa Uingereza anaweza kuwa bibi. Usipojua, tumia "their": "the client has sent their documents". Matumizi hayo ya "their" kwa mtu mmoja yana karne nyingi kwenye Kiingereza, na ndiyo maneno yao yaliyo karibu zaidi na -ake yetu.