Toa kwanza, zidisha baadaye: rangi za nyota kutoka kwenye faili la RAW

Picha nyingi za kundi-nyota la Orioni ninazoonyeshwa na wanaoanza zina kasoro ileile: nyota zake mbili angavu, Betelgeuse na Rigel, zote nyeupe pee. Toka nje uzitazame kwa macho tu. Moja ni ya chungwa, nyingine ni nyeupe inayoelekea buluu. Kamera iliiona tofauti hiyo vizuri. Imepotelea kwenye kompyuta, na mara nyingi kwa sababu hatua zimepangwa vibaya.

Ndani ya faili la RAW, yaani namba ghafi za kamera kabla ya kuchakatwa, rangi ni uwiano tu: nyekundu kiasi gani kwa kijani kiasi gani kwa buluu kiasi gani. Mwanga ukiongezeka maradufu, namba nayo huongezeka maradufu. Kinachovuruga uwiano huo ni kitu chochote kilichojumlishwa juu yake, na viwili havikosi: namba ya msingi ya kamera yenyewe, na mwanga wa anga.

Kamera haianzii sifuri. Canon 6D, kwa mfano, huanzia takriban 2048 kati ya ngazi 16,384 za biti 14, hata lenzi ikiwa imefunikwa. Chukua nyota hafifu iliyosomwa nyekundu 2148, kijani 2248, buluu 2178. Toa 2048, unabaki na 100, 200 na 130. Sasa zidisha kwa vizidishi vya kusawazisha weupe (namba zinazofanya kitu cheupe kitoke cheupe), tuseme 2 kwa nyekundu na 1.5 kwa buluu: 200, 200, 195. Nyota nyeupe, kama ilivyo. Ukizidisha kabla ya kutoa unapata 4296, 2248 na 3267, yaani picha nzima ya waridi. Ni muuza duka anayepima sukari bila kuondoa uzito wa bakuli. Siril, programu ya bure ya kuchakata picha za nyota, itakutolea msingi huo ukiipa picha za bayasi (lenzi imefunikwa, muda mfupi kabisa) au za giza (lenzi imefunikwa, muda mrefu), kwa hiyo zipige, na za giza ziwe za ISO na muda uleule wa picha zako. Picha za flati, zile za uso wenye mwanga sawasawa zinazorekebisha kivuli cha lenzi, nazo zina msingi wake. Usipoutoa, kona za picha hubaki na kivuli.

Kwenye mwanga wa anga ndipo wengi hukwama. Tuseme weupe umeshasawazishwa na anga ya mjini inasoma 300, 220, 150, rangi ya taa za sodiamu. Mgeni huvuta vitelezi vya rangi mpaka anga iwe ya kijivu: nyekundu anaizidisha kwa 0.73, buluu kwa 1.47. Anga inapendeza, ila nyota nyeupe iliyokuwa 1000 kwa kila rangi sasa ni 730, 1000, 1470. Imegeuka buluu, na Betelgeuse imepoteza uchungwa wake. Mwanga wa taa ulijumlishwa, basi utolewe: tumia zana ya kuondoa mandharinyuma, picha ikiwa bado haijavutwa, yaani haijaangazwa ili vitu hafifu vionekane. Sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu moja. Orioni hupita karibu na utosi, ambako hewa ni nyembamba. Nyota ikiwa chini karibu na upeo, hewa hula buluu zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo subiri ipande.

Kuna hatua ambayo wengi hawajui hata kama ipo: matriki ya rangi, jedwali dogo la namba za kurekebisha rangi. Vichujio vidogo vilivyo juu ya pikseli havitengani kabisa. Chekundu hupitisha kijani kiasi, na kadhalika. Matriki hupunguza mwingiliano huo. Kigeuzi cha kawaida cha RAW huitumia kimyakimya, lakini programu nyingi za kurundika picha za nyota (kuunganisha picha nyingi ziwe moja) haziitumii, ndiyo maana rangi hutoka zimefifia na watu hukimbilia kitelezi cha ukolezi. Kitelezi hicho hukoleza hata kosa. Matriki nayo huongeza chenga, kwa hiyo rundika picha za kutosha kwanza.

Kuvuta mwanga kuwe mwisho. Ukivuta kila chaneli (nyekundu, kijani, buluu) kivyake, uwiano wa 4 kwa 1 unaweza kushuka ukawa 2 kwa 1, na hapo ndipo nyota zote huwa nyeupe. Mvuto wa asinh, aina ya mvuto iliyopewa jina la fomula yake ya hesabu, huzidisha chaneli zote tatu za pikseli kwa namba moja, rangi ikabaki. Usikague kiini cha nyota angavu, kimeshajaa na hakina habari yoyote. Kagua ukingo wake.

Picha ikiwa ya kijani, usibonyeze haraka kitufe cha kuondoa kijani. Pikseli za kijani ni nusu ya kihisi, na ukijani wa picha nzima kwa kawaida ni dalili kwamba weupe haujasawazishwa. Kitufe hicho pia hufuta ukijani halali wa oksijeni katikati ya nebula (wingu la gesi) ya Orioni, ule wa nanomita 501.

Ukitaka kujua kama mtiririko wako ni mzima, piga picha ya khanga juani kwa kamera hiyohiyo, kisha uipitishe njia ileile: toa msingi, sawazisha weupe, matriki, vuta. Ruka tu kuondoa anga. Nyekundu ya khanga ikitoka kama tofali, tatizo liko kwenye hatua zako, nawe utalipata mchana bila kuhangaika na mawingu. Jaribio hili halifai kwa kamera iliyoondolewa kichujio cha infraredi ili inase hidrojeni ya nanomita 656, maana vizidishi na matriki ya kiwandani haviifai tena. Huko tegemea usawazishaji wa Siril unaolinganisha nyota za picha yako na orodha ya nyota ya Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota.