Muulize Bibi Muuguzi: Zinki ya kidonge na zinki ya bati

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu ana mwaka na nusu. Alipoharisha, zahanati walitupa pakiti za ORS na vidonge kumi vya zinki, kimoja kwa siku. Siku ya tatu tumbo likatulia. Baba yake anasema tuache, eti zinki ni ile ya mabati, itamdhuru mtoto. Tufanyeje? – Mama Atu, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Malizeni vyote kumi.

Baba Atu ana haki ya kuuliza. Zinki ni madini ya ardhini, na ndiyo hupakwa kwenye bati lisishike kutu. Ila iliyo kwenye kidonge ni chumvi yake inayoyeyuka majini, miligramu 20 zilizopimwa. Mtu mzima ana gramu mbili tatu tu mwilini, lakini vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za mwili) zaidi ya 300 vinaitegemea: mtoto kukua, kidonda kufunga, kinga kupambana. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa Iran waliodumaa, chakula chao karibu mkate mtupu. Hapo ndipo upungufu wa zinki kwa binadamu ulipoanza kushukiwa.

Mtoto akiharisha, zinki hutoka na choo, na mwili hauna akiba ya kutosha. Ndiyo maana tangu 2004 WHO na UNICEF wanashauri siku 10 hadi 14, hata choo kikishakuwa kizuri. Utumbo bado unajijenga, na dozi kamili humpunguzia kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo.

Hata mahindi yenu shambani yanahitaji zinki. Jani changa likiwa na michirizi myeupe pande zote mbili za mshipa wa kati, na mmea umedumaa, mwiteni bwana shamba aangalie udongo.

Sasa chakula, maana hapa ndipo ninapoumia nikiona watoto wetu. Mahindi na maharage yana zinki, lakini yana fitati pia, kemikali ya kwenye nafaka na kunde inayoing'ang'ania zinki isifyonzwe. Loweka maharage usiku kucha, maji yamwage. Uji uchachushe kidogo au tia kimea. Kisha ongeza usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa: toa vichwa, kaanga bila mafuta, twanga hadi uwe unga laini, kijiko kimoja kwenye bakuli la mtoto. Yai na maini pia. Uji mweupe mtupu kutwa mara tatu haumtoshi.

Kidonge kiyeyushe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yako. Akitapika kabla ya nusu saa, mpe kingine. Zaidi ya hapo msizidishe. Akiharisha damu au akishindwa kunywa, mrudisheni zahanati siku hiyohiyo.