Babu Alikwenda Kukata Mkonge, Hakurudi

*Shangazi, shikamoo. Babu yangu mzaa baba aliondoka kwetu Kasulu mwaka 1957 akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akaenda kukata mkonge Tanga. Baba alikuwa na miaka minne. Anachokumbuka ni kidole kimoja cha babu kilichokuwa kimekatika, basi. Mwaka 1962 ikaja barua yenye muhuri wa posta ya Korogwe: "Nikimaliza kipande nitakuja." Chini imeandikwa Ramadhani. Nadhani huyo ndiye karani aliyemwandikia, maana babu alikuwa Mkatoliki na hakujua kusoma. Hakuja. Sasa baba anaumwaumwa, anataka kaburi la baba yake lijengewe msalaba, au mifupa irudi nyumbani. Baba mdogo ameleta mganga anayedai babu ana kinyongo, na anataka laki nane atuonyeshe kaburi. Nianzie wapi?*

*Mjukuu, Kasulu*

Marahaba, mwanangu.

Laki nane kwanza: msitoe. Kama huyo mganga analiona kaburi la Korogwe akiwa amekaa kwenu kibarazani, awatajie basi jina la kambi ya manamba aliyokaa babu. Hela hiyo ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na ya kula na kulala.

Sasa hiyo barua. Karani wa kambi aliandikia watu barua kwa sumni au kwa sigara, lakini hakuweka jina lake chini ya salamu za mtu mwingine. Nionavyo mimi, Ramadhani ni babu yako. Vijana wengi waliofika mwambao kutoka bara walisilimu, wengine kwa imani, wengine kwa sababu ya mchumba au ya wenzao wa chumba, wakapewa jina jipya na wakazeeka nalo. Ndiyo maana mkiuliza jina lake la Kiha huko mtajibiwa hakuna mtu kama huyo, na watakuwa wanasema kweli. Ulizeni Ramadhani Mha. Watakuwepo wengi, najua, ila ni wachache kuliko mnavyodhani, na aliyekatika kidole ni mmoja.

Na lile neno "nikimaliza kipande" lisiwape tarehe ya kurudi. Kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Ukiijaza unapewa nyingine. Mtu aliweza kumaliza vipande miaka mitano na bado yuko shambani. Tena hakwenda kwa kupotea. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu Kigoma, Songea na hata Burundi na kuwasafirisha hadi mkongeni. Waha walikuwa wengi mno huko. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya 1964, na mashamba mengi kutaifishwa 1967, wengi walikuwa wameshaoa, wana kijishamba na watoto wanaozungumza Kiswahili cha Tanga. Wakabaki.

Muhuri wa Korogwe hauna maana ya Korogwe mjini. Mji huo umezungukwa na mashamba ya mkonge: Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale, Magoma, Mnyuzi. Kwa hiyo msitafute mtu kwanza, tafuteni kambi. Manamba walikaa kwa makabila, na kila mzee wa shamba anajua Waha walikaa upande gani wa korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge. Piteni ofisi ya shamba kwa adabu, mjitambulishe na kuomba ruhusa, ila karatasi za miaka ile msizitegemee. Anayejua ni bibi wa miaka themanini anayeuza mihogo hapo kambini. Nendeni na nakala ya barua. Ya asili ibaki kwa baba. Chagueni Januari au Agosti, kwa sababu wakati wa masika makaburi ya kambi hufunikwa na majani hata wenyeji hawayaoni.

Kuna jambo hukuliandika, nami nalisema: huenda mkampata baba mdogo au shangazi ambaye hamkujua yupo. Akikufungulia mlango, usianze na "babu alitutelekeza". Kwake yeye huyo ni baba aliyemlea. Ndiye aliyebeba jeneza, na kama kaburi lina alama yoyote, jiwe au mmea kichwani, ni yeye aliyeiweka. Pelekeni kilo ya migebuka mikavu kutoka Kigoma. Itasema mengi kuliko hotuba.

Msalaba uacheni nyumbani. Kama alizikwa kama Ramadhani, yuko kwenye makaburi ya Waislamu kati ya Waislamu wenzake, na kumjengea msalaba pale ni kugombana na watu waliomzika. Baba anaweza kumwombea misa Kasulu na huko Korogwe akasomewa dua, sioni vinagombana wapi. Mifupa nayo si kazi ya jembe na usiku mmoja. Hapo kuna vibali, na kuna hao watoto wengine ambao wana haki ya kusema hapana. Mwambie baba ukweli huu mapema. Fuko la udongo wa pale, ukipewa kwa ridhaa, linabebeka kwenye basi.

Inawezekana pia msionyeshwe kaburi lenyewe. Mashamba yalipanuliwa, mengine yakawa pori. Mtu atanyoosha mkono kwenye kichaka aseme, "Waha walizikwa hapa." Mkipata hivyo, mmepata. Simameni hapo, piga picha, mpigie baba simu akusikie ukiwa umesimama mahali penyewe.

Safari ya kwanza nenda wewe na binamu mmoja. Baba asikae siku mbili kwenye basi kwa ajili ya labda. Na leo usiku, kabla hujapanga lolote, kaa naye umuulize kidole kilikuwa kipi, na mkono gani.

Shangazi