"Kliyenti alilia, nikamtuliza": kwa intani wapya wa tiba ya mazungumzo

Nimesoma noti za intani sita wiki hii na nne kati ya hizo zina sentensi ileile, "kliyenti alilia, nikamtuliza, sesheni ikaendelea vizuri." Jamani. Vizuri kwa nani? Mtu kapanda daladala mbili, kakaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi, kilio alichokibana miaka kimefika mlangoni, wewe unamwambia "pole, usilie, yatapita" na boksi la tishu umemsukumia mpaka puani. Nawapenda ila mnanichosha, kwa hiyo naandika mara moja.

1. Tishu zikae mezani pale mkono wake unapofika. Usimpe. Akitaka atachukua.

2. Maneno yake yaache yalivyo. Akisema kifua kina moto usikimbilie kuandika anzaiti (ugonjwa wa wasiwasi), muulize huo moto unawaka akiwa na nani. Kuna intani mmoja (kichwa kweli, GPA ya kutisha) mzee kamwambia "moyo wangu mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa", yeye kauliza "na usingizi je, kuanzia moja mpaka kumi?" Mzee kajibu saba. Hiyo saba ndo tulichopata siku hiyo.

3. Ile pembetatu ya Malan mnayoikariri, mchoro wa tabibu David Malan, hisia iliyofichwa chini, wasiwasi na kinga (mbinu ya kuificha hiyo hisia) juu, kwetu kinga mara nyingi inakuja imevaa adabu. "Namshukuru Mungu." "Nilishasamehe." Wengine wamesamehe kweli, sibishi, ila angalia mikono inafanya nini wakati mdomo unasamehe.

4. Hisia zako nazo ni data. Freud mwaka 1910 aliiona kaunta-transifarensi (hisia za tabibu kwa mgonjwa wake) kama kitu cha daktari kukigundua na kukishinda, mchambuzi-nafsi mwenzake wa baadaye Paula Heimann 1950 akaigeuza, akasema ni chombo cha kumwelewa mgonjwa. Mmeandika esei juu ya hili, najua. Hata mimi niliandika, nikapata A, halafu nikaenda kufanya upuuzi ufuatao.

Nilikuwa intani. Mama mmoja (nimebadilisha mengi asijulikane) alikuwa anakuja kila Jumanne, kafiwa na mume, watoto wako mbali na hawapigi simu. Ananiita mwanangu. Kila wiki ananiletea kopo la Blue Band limejaa visheti, ananiachia, wiki inayofuata anachukua kopo tupu analeta jingine. Mimi niko mbali na kwetu, posho haijaingia, nakula vile visheti usiku nikiandika noti zake. Supavaiza ananiuliza unajisikiaje ukiwa naye, namjibu poa tu, tuna rapo nzuri sana, yaani tunaelewana. Wiki kumi na nne hakuwahi kukasirika hata mara moja, na mimi nikahesabu hayo ni mafanikio.

Tarehe ya kumaliza roteshen niliijua toka siku ya kwanza. Kila Jumanne najiambia nitamwambia Jumanne ijayo. Mwisho nikamwambia imebaki wiki moja, dakika ya 48, nishasimama, macho yangu kwenye saa ya ukutani: "Mama, nilitaka kukwambia, wiki ijayo ndo ya mwisho, nahamia wodi nyingine." Akatabasamu. "Haya mwanangu, Mungu akutangulie." Akavuta lile kopo pale mezani, limejaa, akabonyeza mfuniko taratibu kuzunguka mpaka ukakaa, akalitia kwenye kikapu akaondoka nalo.

Nikaandika: "Kliyenti alipokea taarifa vizuri."

Hakuja tena. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Supavaiza akasoma noti, akanyamaza muda, akauliza visheti vya wiki ile viko wapi. Nikasema aliondoka navyo. "Mbona hujaandika?" Nilimkasirikia supavaiza mpaka masikio yakawa ya moto, nikaenda kulia choo cha stafu, ambako bahati nzuri hakuna aliyenituliza. Hasira ya yule mama niliiona kwa macho yangu ikifungwa mfuniko na sikuitaka, maana ningeitambua, mimi mwenyewe nilikuwa na wiki tatu sijampigia mama yangu. Watoto wake walimwondokea wakiwa na haraka, nami nikajipanga kwenye foleni nyuma yao. Winnicott, daktari na mchambuzi-nafsi wa Uingereza, aliandika mwaka 1949 kwamba hata ule mwisho wa saa ya sesheni ni njia mojawapo ambayo chuki ya tabibu inatokea. Nilipoisoma darasani nilicheka, nikaona wazungu wana makuu.

5. Mwisho utajwe sesheni ya kwanza, urudiwe katikati, na ukiutaja utaje mwanzoni mwa saa, umwachie muda wa kukukasirikia.

6. Kula kabla ya sesheni. Sitanii, njaa na kuboreka vinafanana mno, utaenda kumtafsiri mtu wa watu bure kumbe unataka chapati.

Supavisheni Alhamisi saa nane. Chini ya kila noti ongeza mstari mmoja, wewe ulijisikiaje, na "poa tu" siipokei. Yule aliyeandika "kliyenti alipokea taarifa vizuri" (ndiyo, yupo, nimeona) aje nusu saa mapema, chai nitaleta mimi.