Jibu: Mdogo wangu kakwama Maskati, ubalozi utamsaidia kweli?

Pole sana ndugu yangu. Umesema mdogo wako anaumwa, tajiri (mwajiri wake) kashika paspoti, na ulipopiga simu ubalozini wamekwambia lete maelezo. Nimesoma wengi hapa wanasema serikali haina habari na wewe ukishapanda ndege, mie sikubaliani nao, kwa sababu binamu yangu wa Wete yalimkuta karibu yale yale huko huko Omani na leo yuko kwake analea wanawe. Ubalozi ukikwambia lete maelezo hawajakufukuza yakhe, kazi ndo inaanza hapo na nusu ya kazi hiyo ni yetu sie tuliopo huku.

Fikiria, mtu anapiga simu anasema mie Mtanzania, paspoti hana, kopi hana, nyumba anayokaa hajui hata iko mtaa gani. Lazima wajue ni raia kweli kabla hawajamuandikia hati ya dharura ya safari, ile ya kurudia nyumbani. Kwa hiyo tafuteni kopi ya paspoti kama ipo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari na barua ya sheha. Sisi barua ya sheha kijana wetu aliipiga picha usiku kwa taa ya simu, muhuri ukatoka doa jeusi halisomeki, ikarudishwa, asubuhi ikabidi tuiweke juu ya sinia uani juani ndo ikapigwa tena na nambari ya simu ya sheha ikaonekana vizuri. Mambo madogo hayo ndo yanayokula siku na mgonjwa kule anangoja.

Na hati ikishatoka msidhani yamekwisha. Kama viza imepita muda au tajiri kamripoti kuwa katoroka kuna faini na kesi za kule, na ile ni nchi ya watu, ubalozi hauwezi kuzifuta, wanaloweza ni kumwita tajiri, kuongea na wizara ya kazi ya Omani na polisi wao mpaka pawe na suluhu. Kwa binamu yangu tajiri alilainika alipopigiwa simu na mtu wa ubalozi, sisi alikuwa hata hapokei. Bili ya hospitali nayo msitegemee serikali ilipe, wala tiketi, mara nyingi ni ukoo unachangishana, kwa hiyo anzeni kuchanga sasa hivi msingoje hati. Akikamatwa (Mungu amuepushe) aseme mwenyewe kwamba anataka ubalozi wake uambiwe, hiyo ni haki yake katika mkataba wa Vienna wa 1963 wa mahusiano ya kibalozi, lakini polisi wanawajibika kupeleka taarifa pale anapoomba, kwa hiyo asinyamaze.

Kuna mtu kauliza hapo juu mbona wa Sudan walifatwa. Ni kweli, vita vilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 na kabla mwezi haujesha Watanzania kama mia mbili walishatolewa kwa njia ya Ethiopia na ndege ya ATCL, shirika letu la ndege, ikawaleta Dar, wengi wao wanafunzi. Lakini angalia, wanafunzi wako pamoja, wana viongozi wao, majina yanapatikana. Mtoto wa kike aliefungiwa ndani kwa mtu, simu anapewa akipenda tajiri, nani atajua kama yupo? Hili linaniuma sana, maana hao ndo wengi wetu kule. Ndo maana mie nasisitiza mkataba wa kazi upite Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar na ubalozini kabla mtu hajaondoka, sio wakala anakuja na viza kwenye simu anasema kesho safari. Wakala wa binamu yangu tulipomtafuta simu ilikuwa imezimwa, na hatukumpata tena.

Jengine, msihangaike kufikiri lazima mtu aende Dodoma. Mambo ya nje ni ya Muungano lakini wizara ina ofisi yake Unguja, mmoja wenu avuke aende na makaratasi yote, aandikishe barua na aondoke na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, halafu picha ya hiyo nakala itumeni ubalozini Maskati ili pande zote mbili ziwe na kesi moja.

Leo hii mwambie mdogo wako akipata simu tu atume lokesheni kwa WhatsApp, jina la tajiri na nambari yake, na picha ya bataka yake (kitambulisho cha mkaazi cha Omani) kama anayo. Asiruke ukuta usiku. Akizidiwa au akipigwa apige 9999, ni polisi wa Omani, na aseme mgonjwa. Wewe ukishapata lokesheni niandikie inbox nikuoneshe barua yetu tuliipangaje.