Santuri ya kwanza ya lebo: pimeni dakika kabla ya kutafuta kiwanda

Mkuu, umesema lebo yenu ya hapa Dar ina nyimbo nane za singeli, jumla dakika 38, mnataka ziwe santuri yenu ya kwanza, nakala 500, na unauliza kiwanda chenye bei nafuu. Nimeshiriki kutoa santuri kwenye lebo ndogo ya muziki wa kielektroniki, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Bei ya kiwanda iweke pembeni kwanza. Kitakachowaumiza ni hizo dakika 38.

Ukizigawa nusu kwa nusu, kila upande unabeba dakika 19. Sahani ya inchi 12 kwa mwendo wa 33, yaani mizunguko 33 kwa dakika, inazimeza vizuri tu, ila kwa sauti ya chini. Besi nzito huufanya mfereji, ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, uyumbe na kula nafasi, na dakika zikiwa nyingi fundi wa kuchonga hana budi kupunguza sauti ili mifereji isigongane. Dijei akiiweka baada ya rekodi nyingine, yenu itasikika imesinyaa, na singeli iliyosinyaa hakuna wa kuicheza. Ningekuwa nyie ningechagua nyimbo nne kali, dakika kumi hadi kumi na mbili kila upande, mwendo wa 45. Zilizobaki zitoke kwa dijitali.

Mpangilio nao una hesabu yake. Kwa mwendo wa 33, mfereji unapita chini ya sindano kwa takriban sentimeta 51 kwa sekunde pale ukingoni, lakini ukikaribia katikati ni kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, matoazi na vinanda vikali havipumui, na hivyo ndivyo vinavyoanza kukwaruza mwishoni mwa upande. Mwendo wa 45 unapunguza tatizo lakini hauliondoi. Wimbo wenye makali zaidi uanze, wenye nafasi umalizie, hata kama msanii anautaka mwisho.

Hela yenu kubwa iende kwa fundi wa mastaringi, yule anayeiweka sawa sauti ya mwisho kabla ya kuchongwa, anayejua santuri. Msimpelekee faili mlizobana kwa ajili ya simu na mitandao. Mpeni faili za WAV za biti 24 ambazo hazijapitishwa limita ya kukaba, ile inayobana sauti ili isikike kubwa muda wote. Kwenye rekodi yetu prodyuza alikuwa ameitandaza besi kushoto na kulia, na studio ilisikika tamu sana. Fundi akaikusanya yote katikati, kwa sababu besi ya namna hiyo huisukuma sindano juu mpaka iruke. Tukasikiliza tena: ngoma ikawa inagonga kifuani kuliko mwanzo.

Nakala za majaribio, zile chache ambazo kiwanda huwatumia mzikague kabla ya kutoa zote, msizikubali kwa kusikiliza haraka haraka. Zetu zilipofika, tundu la katikati lilikuwa limekaa kando kidogo kwa upande mmoja. Ukiutazama mkono wa mashine ulikuwa unacheza kila mzunguko, na noti ndefu za kinanda zinapanda na kushuka. Tulizikataa, na nakushauri msione haya kukataa. Mkisikia mlio wa "tap", sikilizeni palepale kwenye nakala nyingine: ukiwa kwenye zote, kasoro iko kwenye muhuri wa nikeli unaogandamizia plastiki au kwenye sahani ya mwanzo iliyochongwa, ukiwa kwenye moja, ni ya nakala hiyo peke yake. Na zile gramu 180 wanazozisifia haziboreshi sauti. Zinaongeza mzigo tu.

Kuhusu mzigo: nakala moja ya kawaida na jalada lake ni kama robo kilo, hivyo 300 tu zinakaribia kilo 75. Zamani nyimbo za bendi zetu nyingi zilitengenezewa sahani Nairobi, ambako kiwanda kilikuwepo tangu miaka ya 1950. Siku hizi lebo nyingi huagiza Ulaya, na huko ndiko waliko wanunuzi wengi tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli "Sounds of Sisso" mwaka 2017 na kuitangaza studio ya Sisso ya Mburahati, hapa Dar, duniani. Ya nini kusafirisha sahani zote mpaka bandarini, mlipie ushuru, kisha mzirudishe moja moja kwa posta? Tafuteni msambazaji wa hukohuko abaki na sehemu kubwa, nyie mlete za wasanii na za kuuza kwenye shoo. Anzeni na 300, si 500.

Kitu kimoja hukukigusa kabisa: haki. Kiwanda kitawataka mthibitishe kwa maandishi kwamba muziki ni wenu. Singeli imejaa vipande vya taarabu, na kwenye zile nane bila shaka vimo. Malizaneni na wenye nyimbo, pamoja na wasanii wenu, kwa mkataba uliosainiwa kabla hamjalipa hata malipo ya awali.

Ukiniwekea hapa urefu wa kila wimbo na upi una besi nzito zaidi, nitakusaidia kuzipanga pande zote mbili.